Shangazi, 'pipi' na bahasha ya kaki!

Hamjambo wasomaji wangu? Najua mmejibu hatujambo, hata wewe ambaye tangu juzi jino linakupa kizaazaa na mfukoni huna hata nauli ya daladala. Ndivyo tulivyolelewa. Mtu anaulizwa hali, anajibu njema, halafu ndipo anaanza kusimulia kwamba ametoka hospitali. Wiki hii nataka tuizungumze hiyo "sijambo" yetu, maana nina shangazi yangu huko ughaibuni ambaye sijambo yake imekuwa ikimla pauni kimyakimya na yeye wala hana habari.

Shangazi huyu, dada yake baba, yuko London. Aliondoka Bongo miaka ile ya 90, enzi ambazo mtu akipata viza mtaa mzima unamsindikiza uwanja wa ndege kwa basi la kukodi. Kufika kule akabeba boksi. Kwa mgeni wa mambo haya, kubeba boksi si lazima uwe na boksi mabegani, ni kazi yoyote ya jasho ambayo mwenye nchi mwenyewe anaikimbia. Shangazi alifagia maofisi usiku, baadaye akawa anatunza wazee majumbani. Kuwaogesha, kuwavisha, kuwageuza kitandani, kuwalisha. Hela ile ile ndiyo iliyonilipia ada hadi nikamaliza Kidato cha Nne. Kwa hiyo shangazi akiita, mimi naitika, hata kama niko kijiweni na stori imenoga.

Miaka kadhaa iliyopita akaingiwa na baridi yabisi, ile inayokula viungo. Vidole, viwiko, magoti. Asubuhi mikono imekaza kama kuni, mpaka saa tano ndiyo inaanza kulegea. Kazi ya kunyanyua wazee ikawa basi tena.

Sasa huko kwa Malkia (najua, siku hizi ni kwa Mfalme, lakini ulimi umeshazoea) mtu mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu kuna malipo anayoweza kuomba. Moja linaitwa kwa kifupi PIP. Lilianza mwaka 2013 kuchukua nafasi ya lile la zamani lililokuwepo tangu 1992. Halijali kama una kazi au huna, linaangalia ugonjwa unakuzuia kufanya nini. Shangazi analiita "pipi". Ananipigia simu: "Baba, pipi yangu imeingia." Baba ndiyo mimi, nimerithi jina la babu yangu, yaani baba yake, basi tangu nazaliwa sijawahi kuitwa vingine naye. Malipo mengine aliyokuwa nayo ni ESA, ya mtu ambaye maradhi yamemtoa kazini.

Na haya yote yana barua. Jamani, barua! Zinakuja kwenye bahasha ya kaki, na ukiongea na Wabongo wa kule watakwambia bahasha hiyo ikidondoka mlangoni moyo nao unadondoka. Si Wabongo tu, hata Waingereza wenyewe wanaiogopa.

Utauliza, mtu kakaa London miaka zaidi ya 25, barua zinamshindaje? Sikiliza. Kiingereza cha shangazi ni cha basi, cha hospitali na cha wazee wake. Hicho anakimwaga mpaka unashangaa. Lakini Kiingereza cha barua ni kabila jingine kabisa, hakina shikamoo wala kwaheri. Na kuwapelekea Wabongo wenzake hataki. "Baba, asubuhi nimsomeshe barua yangu, jioni hadi Reading wanajua nina shilingi ngapi." Mtoto hakujaaliwa. Basi anapiga picha ukurasa mmoja mmoja, anarusha WhatsApp, na mimi hapa Sinza mwenye C yangu ya Kiingereza natafuta kamusi.

Ya kwanza ilikuja Februari 2025. Maneno mengi ya heshima, asante sana, tafadhali soma kwa makini. Kwa ufupi ilisema ESA ya aina yake inafungwa, watu wanahamia kwenye malipo mapya yanayoitwa Universal Credit. Shangazi akasoma neno "kuhama" akatulia tuli. Kwa akili ya Kibongo, serikali ikisema inakuhamisha wewe unafunga mizigo unasubiri gari. Kumbe sivyo! Kule halikuhamishi mtu, unajihamisha. Usipoomba mwenyewe kabla ya tarehe iliyoandikwa, miezi mitatu tangu barua, yale ya zamani yanakatika na mapya hayaji. Na ukiomba ndani ya muda kuna kinga ya mpito, ili usije ukashuka chini ya kile ulichokuwa unapata.

Barua nzima, lenye meno lilikuwa hilo moja tu, tarehe. Yaliyobaki yote ni mapambo. Tangu siku hiyo barua ya kaki ikija nafanya hivi: nasaka tarehe kwanza, halafu natafuta kama kuna mahali wamemwambia "lazima", ndipo narudi juu kusoma salamu. Shangazi akapiga simu kwa Citizens Advice, ofisi za ushauri wa bure ambazo Waingereza wanazo tangu 1939. Akasikiliza muziki wa kusubiri mpaka akaukariri, lakini akasaidiwa. Fomu ya kwenye mtandao ikajazwa mwezi wa nne, muda haujaisha.

Wakati hilo linaendelea, kikazuka kingine.

Tarehe 18 Machi 2025 serikali ya kule ikatangaza mapendekezo ya kubana malipo ya wenye ulemavu. Ili uelewe kwa nini shangazi alikosa usingizi inabidi nikueleze pipi inavyopimwa, vumilia kidogo, si ngumu. Kuna shughuli 10 za maisha ya kila siku. Kupika, kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuongea na watu na kadhalika. Kila moja unapewa pointi kwa kadiri unavyoshindwa. Zinajumlishwa. Ukifika 8 unapata kiwango cha kawaida, ukifika 12 unapata kile kikubwa. Shangazi alikuwa na 9. Kupika 2, kula 2, kuoga 3, kuvaa 2.

Pendekezo lilikuwa hivi: kuanzia Novemba 2026, 8 peke yake haitoshi. Lazima walau shughuli moja iwe na pointi 4 au zaidi. Haya, chukua kalamu, itafute 4 kwenye 2, 2, 3, 2. Haipo! Yaani mtu aliyeumia kidogo kidogo kila mahali anatoka, aliyeumia sana mahali pamoja anabaki. Mimi sikusomea uchumi, lakini mwili unaoshindwa kidogo jikoni, kidogo bafuni na kidogo kwenye vifungo vya blauzi, jioni umeshindwa siku nzima.

Magrupu ya WhatsApp yakawaka moto. Sauti zinarushwa, "Jamani pipi imefutwa!" Katikati ya moto huo, puu, bahasha ya kaki mlangoni kwa shangazi. Hakuifungua. Aliiweka chini ya Msahafu siku nne, anaiombea dua. Mimi sijui lolote, nashangaa tu simu zake zimekuwa fupi na "sijambo" zimezidi. Siku ya tano akasema ukweli. Nikamwambia shangazi, shikamoo, nakuomba fungua. Akafungua kwa kisu cha siagi amekibana kwa viganja viwili, maana vidole havishiki.

Barua ilikuwa ya kumwambia kwamba kuanzia Aprili malipo yanapanda! Asilimia 1.7, nyongeza ya kila mwaka inayofuata kupanda kwa bei. Kile kiwango chake kutoka pauni 72.65 kwa wiki kwenda 73.90. Siku nne za dua kwa pauni 1 na senti 25.

Tulicheka, lakini mimi nilikasirika pia, sikufichi. Barua ya kuongezewa na barua ya kukatiwa zina bahasha moja, rangi moja, maandishi yale yale. Mgonjwa atajuaje? Na lile la redioni lilikuwa bado pendekezo, halijafika hata Bungeni. Nilimwambia: pendekezo halikati hela, sheria ndiyo inakata, na ikipita watakuandikia wewe kwa jina lako. Tarehe 1 Julai 2025 wabunge wa chama tawala wenyewe wakagoma, na siku hiyo hiyo ya mjadala serikali ikakiondoa kile kipengele cha pointi 4. Waziri Stephen Timms akapewa kazi ya kuongoza mapitio ya pipi nzima kwanza. Muswada uliobaki ukawa sheria Septemba 2025, nao uliwagusa zaidi waombaji wapya wa lile fungu la ugonjwa ndani ya Universal Credit, kuanzia Aprili 2026. Shangazi si mwombaji mpya. Akapumua.

Hapa nyumbani msijione mko salama na barua. Nina mshikaji wangu, mguu mmoja ulilemazwa na polio, anatafuta bajaji yake mwenyewe. Mnajua ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023, ikarudi 2024 na utaratibu mpya. Mshikaji akapata barua, akaniletea kijiweni. "Rejea somo tajwa hapo juu." Akaangalia juu, akaona dari. Barua ni ya Kiswahili, Kiswahili chetu hiki hiki, lakini ilibidi tuisome watu watatu ndipo tukagundua anatakiwa kupeleka karatasi moja tu, tena kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo tusiwacheke wa kule kwamba ni ung'eng'e ndiyo unawasumbua.

Turudi London. Julai mwishoni ikaja ya tatu, nene. Hii ndiyo yenyewe. Ilianza kwa kuzungumzia "award" yake. Shangazi kwa furaha: "Baba, nimepata tuzo?" Hapana shangazi, kwa watu hawa "award" ni malipo uliyokubaliwa, na wanataka kuyapitia upya. Ndani kuna fomu. Ieleze hali yako, irudishe ndani ya mwezi mmoja.

Tukapanga usiku, kule saa 2, hapa saa 4. Mimi nasoma swali, yeye anajibu, mimi naandika.

"Shangazi, unapika?"

"Napika baba. Nisipopika nitakula nini?"

"Unaoga mwenyewe?"

"Alhamdulillah."

"Unatembea?"

"Natembea, namshukuru Mungu."

Nikaweka kalamu chini. Kwa majibu hayo ofisi ingeona mzee mmoja mzima anayeweza hata kucheza mdumange. Na hadanganyi! Anasema kama tulivyofundishwa sote. Ukiulizwa unasema naweza, unamshukuru Mungu, yaliyo ndani unamezea. Fomu ile imetungwa na watu wanaotaka kusikia kinyume chake. Nikabadili maswali.

"Shangazi, jana ulipika nini?"

"Wali."

"Sufuria uliinua mwenyewe?"

"Aa, siinui. Nachota kwa kikombe maji kidogo kidogo mpaka yanatosha. Vitunguu nanunua vilivyokatwa. Nakaa kwenye stuli. Likiungua linaungua, siwezi kuliwahi."

"Na ugali?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekata.

"Ugali," akasema, "tangu 2019 sijausonga. Mwiko haushikiki, baba."

Miaka yote hiyo! Mtu aliyenilisha ugali kwa mkono wake nikiwa na meno mawili. Kila Jumapili naongea naye, namwuliza umekula, ananiambia nimekula. Nami nikija hewani najisifu leo nimepiga ugali na dagaa, yeye anacheka.

Hapo nikaenda kusoma kanuni zao vizuri, na hili nataka wenye ndugu kule walishike. Kwa sheria ya pipi, "naweza" haihesabiki mpaka iwe na mambo manne. Ufanye bila kujihatarisha, ufanye kwa kiwango kinachofaa, uweze kurudia kila inapohitajika, na usitumie zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu mzima wa afya. Likikosekana moja, basi kwa macho ya sheria huwezi. Na wanaangalia siku nyingi, yaani zaidi ya nusu, siyo ile siku moja nzuri uliyokwenda harusini. Tukafanya hesabu ya kuvaa: dakika 40. Kutembea: anafika kituo cha basi, kweli, lakini anasimama mara mbili ameegemea ukuta, na mara ya kwanza ni kabla hajamaliza nyumba tano. Shangazi hakuwahi kumwambia mtu kuhusu ukuta.

Kumwambia hilo lote lilikuwa rahisi. Kumfanya aliandike ndiyo ilikuwa noma. Akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya utani: "Baba, nikiandika siwezi, siwezi, siwezi, kurasa zote hizo, si ndiyo kukufuru?" Mimi si shehe. Nikamwambia fomu haisomwi na Mungu, inasomwa na karani, Mungu magoti anayaona mwenyewe. Hakuridhika sana.

Kilichomvuta ni kingine. Wakati anatunza wazee, kila jioni alikuwa anaandika daftari la zamu. Bibi fulani leo kala nusu, kashindwa kusimama, kaogeshwa na mtu mmoja. Kazi ile aliifanya kwa miaka na alisifiwa, hapambi wala hapunguzi. Nikamwambia shangazi, chukua daftari, uandike zamu ya mama mmoja hivi anayekaa kwenye nyumba yako. Usimwonee huruma, wala usimsemee uongo.

Siku tatu baadaye akanitumia picha. Kwa Kiingereza chake cha kazini, safi kabisa kuliko changu: mama huyu hawezi kufungua kopo. Mama huyu ameunguza mkono kwa mvuke Jumanne. Mama huyu mgongo haufiki, hakujisugua. Mama huyu alikaa ukingoni mwa bafu dakika 20 akisubiri miguu ikubali kutoka. Nilikuwa kwenye daladala nikisoma, ikanibidi nitazame dirishani. Kazi yangu ilibaki ya kitoto, kufuta "mama huyu" na kuweka "mimi".

Fomu ikarudi siku 9 kabla ya tarehe. Nikampa na tahadhari, ikiwa majibu yatakuja mabaya asikae nayo chini ya Msahafu, ana mwezi mmoja tangu tarehe ya barua kuomba waangalie tena. Wao wanaita kufikiriwa upya kwa lazima. Lazima kwa nani, sijaelewa hadi leo, ila ndiyo mlango wa kupitia kabla ya kwenda barazani. Akapigiwa simu na mpimaji, wakaongea zaidi ya saa nzima. Akaniambia alianza na "I am fine", akashtuka, akaomba radhi, akaanza upya.

Novemba ikaja bahasha ya kaki. Safari hii aliifungua siku ile ile, akanirushia kurasa zote. Mimi moja kwa moja kwenye pointi. Kupika 4. Kula 2, kuoga 3, kuvaa 2. Jumla 11, kiwango kile kile cha kawaida, hela haijaongezeka hapo hata senti, ila 4 imo sasa, na mimi niliitazama hiyo 4 kama matokeo ya mtihani wangu mwenyewe. Kilichobadilika ni kutembea. Mara ya mwisho walimpa 4 maana alisema anatembea, sasa wamempa 8: zaidi ya mita 20, isiyozidi mita 50. Kutoka mlangoni hadi kwenye ule ukuta. Hiyo ina fungu lake, mwaka huo wa 2025 lilikuwa pauni 29.20 kwa wiki, ambazo hakuwahi kuzipata.

Nikampigia nikamsomea, mara mbili. Akauliza kama kuna tarehe. Nikamwambia ipo ya mapitio mengine, mbali, na kwa sasa wameandika hahitaji kufanya chochote.

"Chochote?"

"Chochote, shangazi."

"Hata kuwajibu kwamba barua nimeipata?"

"Hata hilo."

Akaguna. "Watu gani hawa," akasema, "unampa mtu hela halafu hutaki akuambie ahsante." Kesho yake akanitumia picha ya kadi aliyoinunua dukani, ina maua, ananiuliza aandike anuani ipi.